Ploti ya nyumbani, magari mawili na akaunti ya chama: je, vinakuzuia kupata SNAP?

Swali: Tuko Kansas City upande wa Missouri, mimi, mume wangu na watoto wawili. Tulikuja kwa bahati nasibu ya visa, huu ni mwaka wa saba, na sote tuna green card. Mume wangu amepunguziwa saa kazini kwenye ghala, na sasa chakula kinaisha kabla mwezi haujaisha. Nataka kuomba SNAP, ule msaada wa serikali wa kununua chakula, lakini naogopa. Benki tuna dola 2,300, na humo dola 900 ni mshahara wa mwezi huu. Tuna Sienna ya zamani tuliyomaliza kuilipa na Corolla ambayo bado ina mkopo. Mume wangu ana 401(k), yaani akiba ya uzeeni ya kazini, ya dola 11,000 kwenye kazi aliyoacha. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama na akaunti yenye dola 4,600 iko kwa jina langu na la katibu. Nyumbani Kenya kuna shamba la marehemu baba, sisi ni watoto sita, halijagawanywa. Na nina ploti ninayoilipia kwa awamu, bei yake shilingi 900,000, nimelipa 520,000. Rafiki ananiambia niihamishie kwa jina la mama kabla sijaomba. Mwingine aliye Kentucky anasema yeye hajawahi kuulizwa chochote kuhusu mali. Nani nimsikilize?

Jibu:

Dada yangu, kwanza hilo la kuhamisha ploti liache kabisa, leo hii. Nitakueleza sababu hapo chini. Lakini kama ulikuwa umepanga kumpigia mama simu jioni, usimpigie kwa jambo hilo.

Rafiki yako wa Kentucky hakudanganyi. SNAP hulipwa na serikali kuu ya Marekani, ila huendeshwa na majimbo, na sheria inayaruhusu majimbo kulegeza kipimo cha mali. Majimbo mengi yamefanya hivyo. Kentucky, Ohio, Arizona, California, New York na mengine mengi hayaulizi familia ya kawaida ina akiba kiasi gani au ina magari mangapi. Yanaangalia kipato. Mengine yameweka kikomo chao wenyewe, kwa mfano Texas yenye dola 5,000. Na yapo machache ambayo hayakulegeza chochote, yanafuata kikomo cha serikali kuu kama kilivyo: Missouri, Kansas, Mississippi, Tennessee, Utah, Wyoming na South Dakota yamo humo. Bahati mbaya wewe uko katika kundi hili la mwisho, na hata ungevuka mpaka wa jimbo kwenda upande wa Kansas ungekuta kipimo kilekile. Ushauri wa mtu wa Kentucky ni mzuri kwa Kentucky.

Kikomo chenyewe ni hiki. Tangu Oktoba 2024, familia inaruhusiwa kuwa na mali inayohesabika isiyozidi dola 3,000. Kama ndani ya nyumba kuna mtu wa miaka 60 au zaidi, au mwenye ulemavu unaotambuliwa na sheria ya SNAP, kikomo kinapanda hadi dola 4,500. Nyinyi ni wawili wazima na watoto, kwa hiyo chenu ni 3,000.

Neno la kulishika hapo ni "inayohesabika". Watu husoma dola 3,000, wanaangalia sebuleni, wanaangalia maegesho, wanakumbuka shamba la nyumbani, kisha wanafunga fomu. Wengi wa hao wangepita. Kanuni inakuuliza jambo moja kuhusu kila kitu ulicho nacho: je, unaweza kukigeuza kuwa pesa mkononi, na ukikigeuza utapata kiasi gani? Kitu ambacho huwezi kukigusa, au ambacho sheria imekitenga kwa makusudi, hakiingii kwenye hesabu hata kiwe cha thamani namna gani.

Tuanze na vilivyo vyepesi. Samani, televisheni, nguo, vyombo, simu, pete ya ndoa: havihesabiwi. Nyumba mnayoishi, kama mngekuwa nayo hapa, isingehesabiwa hata ikiwa ya thamani kubwa. Bima ya maisha haihesabiwi, hata ile inayojenga thamani ya pesa ndani yake. Akiba ya masomo ya watoto kwenye akaunti ya 529 haihesabiwi. Na ile 401(k) ya mume wako, dola 11,000 zote, haihesabiwi, hata kama kazi hiyo aliiacha. Tangu sheria ya kilimo ya mwaka 2008, ileile iliyobadilisha jina la mpango huu kutoka Food Stamp kuwa SNAP, akiba za uzeeni za aina hiyo zimewekwa nje ya hesabu. Lakini sikiliza: zimewekwa nje zikiwa humo humo. Nimeona familia ikitoa pesa za uzeeni ili zisionekane kama utajiri, ikaziweka benki, na hapo ndipo zikawa mali inayohesabika, mbali na kodi na faini waliyokatwa kwa kuzitoa mapema. Mwambie mume wako asiiguse.

Sasa pesa za benki. Mna dola 2,300, lakini 900 kati ya hizo ni mshahara wa mwezi huu, na mshahara huo tayari unaingia kwenye hesabu ya kipato. Kitu kimoja hakihesabiwi mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Akiba ni kile kinachobaki na kuvuka kuingia mwezi unaofuata. Kwa hiyo hesabu yako ya akiba ni dola 1,400. Unapompa afisa taarifa ya benki, mwonyeshe kwa kidole mstari ambao mshahara uliingia, usiache aitazame jumla ya mwisho tu. Na kama sehemu ya hizo 1,400 ni marejesho ya kodi ya serikali kuu mliyopokea ndani ya miezi 12 iliyopita, sema, maana marejesho hayo hayahesabiwi kwa mwaka mzima tangu siku mliyoyapata. Salio la M-Pesa kwenye laini yako ya Kenya ni pesa kama pesa nyingine. Litaje pia, hata kama ni kidogo.

Magari yanawaogopesha watu kuliko kitu kingine chochote, nami naelewa kwa nini. Bila gari katika mji kama wenu huwezi kufika kazini, na inauma kuambiwa kwamba kinachokupeleka kutafuta riziki ndicho kinachokunyima chakula. Majimbo mengi yameliona hilo yakalegeza kanuni ya magari, mengine yakayaacha magari yote nje ya hesabu, hata baadhi ya yale yaliyobaki na kikomo cha mali. Jambo hili ulize kwanza kwenye ofisi ya Family Support Division, ambayo ndiyo inayoshughulikia SNAP huko Missouri: "Magari mnayahesabu vipi?" Lakini mimi nitakupigia hesabu kwa kanuni ya serikali kuu, ambayo ndiyo kali kuliko zote, ili uone kwamba hata kwa kipimo hicho magari yenu hayawaangushi.

Kanuni hiyo inasema hivi: chukua bei ya soko ya gari, toa dola 4,650, kinachozidi ndicho kinachohesabiwa. Hukutaja bei, kwa hiyo tuseme Sienna ingeuzwa leo kwa dola 6,000. Inayozidi ni 1,350. Hizo ndizo zinazoingia. (Hiyo 4,650 imeganda pale pale tangu mwaka 1996. Kila mtu aliyenunua gari kuukuu miaka ya karibuni anajua kwamba kiasi hicho hakifanani tena na maisha, na ni haki kulisema hilo kwa sauti.)

Corolla ina hadithi nyingine. Tuseme bei yake ya soko ni dola 9,000. Ukifuata hesabu ya kwanza tu, ingezidi kwa 4,350 na kuwatoa moja kwa moja, kwa sababu hesabu hiyo haijali mkopo. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Lakini kabla ya kufika kwenye hesabu hiyo kuna mlango wa pembeni: gari ambalo ukiliuza na kulipa deni hubakiwi na zaidi ya dola 1,500 linatolewa lote nje ya hesabu. Kama mkopo uliobaki ni dola 8,200, mkiuza mnabakiwa na 800. Corolla inatoka yote. Unachohitaji ni karatasi moja kutoka kwa waliowakopesha inayoonyesha deni lililobaki. Iombe wiki hii, kwa maandishi, iwe na tarehe.

Ipo milango mingine ya magari, na nitaitaja kwa ajili ya wasomaji wengine. Gari linalotumika zaidi ya nusu ya muda wake kuingiza kipato, kama teksi au gari la kupeleka mizigo, halihesabiwi, hata siku ambazo limeegeshwa. Gari ambalo familia inaishi ndani yake halihesabiwi. Gari la kumbeba mtu mwenye ulemavu wa mwili aliyemo katika familia halihesabiwi. Mtu anayeendesha Uber kutwa asikubali gari lake lihesabiwe kama la matembezi.

Mpaka hapa tuko wapi? Akiba 1,400, Sienna 1,350. Jumla 2,750. Chini ya 3,000, kwa kipimo kikali kuliko vyote.

Yamebaki mambo matatu mazito, na nitayapa nafasi zaidi kwa sababu ndiyo yanayowahusu watu wetu na ndiyo ambayo afisa hatakusaidia kuyaeleza. Yeye hajui chama ni nini wala shamba la ukoo ni nini. Utamwambia wewe.

Akaunti ya chama ndiyo hatari yako kubwa kuliko hata ploti. Kanuni ya akaunti ya pamoja ni kali: pesa zilizo kwa jina lako na la mtu wa familia nyingine huchukuliwa kuwa zako zote, mpaka uonyeshe kwamba huna ruhusa ya kuzitumia, au kwamba ni sehemu tu ndiyo yako. Mzigo wa kuonyesha ni wako. Ukinyamaza, dola 4,600 zinahesabiwa zote kwako, na kwa katibu akiomba zinahesabiwa zote kwake. Ukieleza vizuri, zinatoka.

Kueleza vizuri maana yake ni karatasi. Toa nakala ya kurasa za daftari la chama zenye majina ya wanachama, michango ya kila mwezi na zamu za kupokea. Toa kumbukumbu ya kikao kilichokuchagua kuwa mweka hazina. Toa taarifa za benki za miezi kadhaa zinazoonyesha michango ikiingia kwa viwango sawa na fungu likitoka kwa aliyefikiwa na zamu. Kisha andika barua fupi ya Kiingereza isemayo kwamba pesa hizi ni za kundi la watu kadhaa, kwamba huwezi kutoa bila saini ya pili au idhini ya kikao, na kwamba fungu lako utalipata mwezi fulani. Wanachama watie saini. Afisa anayeona michango ya kiasi kilekile ikiingia tarehe ileile kutoka kwa watu tofauti anaelewa haraka kuliko unavyodhani. Ninavyoisoma kanuni, mchango wako mwenyewe uliolala humo huwezi kuuita wako wa kutumia mpaka zamu yako ifike. Siku utakapoupokea na kuuweka benki yako, ukibaki mpaka mwezi unaofuata, ni akiba kama akiba nyingine. Pigia hesabu mapema ili zamu isikukute na 1,400 nyingine pembeni.

Kwa siku za usoni chama kifungue akaunti kwa jina la chama chenyewe, yenye namba yake ya kodi, isiwe chini ya namba ya mtu binafsi. Na michango ya msiba vivyo hivyo: akina mama wengi hupokea maelfu ya dola kwenye simu zao kwa ajili ya kusafirisha mwili wa marehemu, kisha miezi miwili baadaye wanaulizwa pesa hizo zilikuwa za nani. Weka orodha ya waliochanga na risiti ya kampuni iliyosafirisha mwili.

Shamba la marehemu baba usilifiche wala usiliogope. Ardhi iliyo nje ya nchi ni mali kama ardhi ya hapa, na fomu ikiuliza kama mna ardhi yoyote, jibu ni ndiyo. Lakini shamba hilo bado liko kwa jina la marehemu, urithi haujafunguliwa au haujamalizika mahakamani, na hata likigawanywa wewe ni mmoja kati ya sita. Leo hii huwezi kuuza hata pembe yake bila kaka na dada zako na bila mahakama. Mali iliyo katika hali hiyo haifikiki, na mali isiyofikika haihesabiwi. Mwambie ndugu aliye nyumbani akutumie picha ya hati yenye jina la baba, cheti cha kifo, na barua ya chifu inayowataja warithi. Ni barua ileile ambayo familia hupeleka mahakamani wakati wa kufungua urithi, kwa hiyo huenda ipo tayari. Tafsiri mistari mitatu muhimu kwa Kiingereza, uibane pamoja.

Sasa ploti. Hii ni yako peke yako, kwa hiyo haitoki kwa hoja ya ukoo. Kinachohesabiwa katika ardhi ni thamani yake ukitoa deni. Bei ni 900,000, unadaiwa 380,000, iliyo yako ni 520,000. Kwa kiwango cha karibu shilingi 130 kwa dola, hiyo ni kama dola 4,000. Peke yake inavuka kikomo. Kwa hiyo lazima tuangalie kama kuna mlango, na naiona mitatu.

Mlango wa kwanza uko ndani ya mkataba wako na kampuni iliyokuuzia. Utoe, uusome kifungu cha kuvunja mkataba na kifungu cha kuhamisha. Katika mikataba mingi ya awamu hati hubaki kwa muuzaji mpaka shilingi ya mwisho, na mnunuzi haruhusiwi kuuza kabla ya hapo. Kama wako ni hivyo, na kama kuvunja mkataba hakukupi pesa yoyote ya maana, basi huna cha kuuza leo. Kanuni ina kipimo cha "maana" pia: kama baada ya makato, ada ya wakili na gharama nyingine ungebakiwa na kiasi kisichozidi dola 1,500, mali hiyo haihesabiwi. Lakini kama mkataba unasema ukivunja unarudishiwa asilimia 90 ndani ya miezi michache, hoja hii inadhoofika sana, na ni heri ujue kabla afisa hajajua. Mlango huu ndio nauamini zaidi, na ni karatasi ya kurasa chache tu ndiyo itakayoamua.

Mlango wa pili: familia ambayo haina nyumba yake na inamiliki au inanunua kiwanja inachokusudia kujenga nyumba ya kudumu, kiwanja hicho hakihesabiwi. Nyinyi ni wapangaji, hamna nyumba yenu. Iandike hoja hii kwenye barua yako, lakini usiitegemee peke yake. Ni rahisi kwa afisa kuuliza mtakaaje nyumba ya kudumu Kenya huku mnaishi Missouri, na ni swali la haki. Jibu kwa ukweli wa mipango yenu, usitunge.

Mlango wa tatu ni wa anayetaka kuachana na ploti: mali iliyotangazwa kuuzwa kwa bei ya haki, na mwenyewe anajitahidi kweli kuiuza, haihesabiwi wakati akitafuta mnunuzi. Sikushauri uuze ploti uliyoitolea jasho kwa sababu ya msaada wa miezi michache. Nakutajia tu kwamba kanuni ipo.

Na sasa lile la kuihamishia kwa mama. Fomu inauliza kama katika miezi mitatu kabla ya kuomba umemhamishia mtu mali yoyote. Ukihamisha kwa lengo la kupita kipimo, familia nzima inafungiwa. Muda wa kufungiwa unafuata ukubwa wa kilichofichwa. Tuseme ploti ina dola 4,000 na vingine vyenu vinavyohesabika ni 2,750. Jumla 6,750, inazidi kikomo kwa 3,750. Kiasi cha kati ya dola 3,000 na 5,000 hufungiwa miezi 9. Ikifika 5,000 ni mwaka mzima. Watoto wako wangekaa miezi tisa bila msaada kwa ajili ya ploti ambayo pengine isingehesabiwa hata kidogo. Na ukisema uongo kwenye swali hilo, utakuwa umetoka kwenye kosa la mali ukaingia kwenye udanganyifu, ambao adhabu yake kwa mara ya kwanza ni mwaka mmoja nje, na kwa mtu asiye raia kosa hilo linaweza kumfuata hata kwenye mambo yake ya uhamiaji. Rafiki yako alikupa ushauri huo kwa nia njema. Mshukuru, usiufuate.

Kutumia akiba yako kwa mambo ya kweli si kuhamisha mali. Ukilipa kodi ya nyumba, deni la hospitali, matengenezo ya Sienna au awamu ya mkopo, uko sawa. Weka risiti.

Nipite haraka kwenye mambo ya wasomaji wengine. Wewe umetimiza miaka mitano ya green card, kwa hiyo kungoja kumekwisha. Watoto walio chini ya miaka 18 wenye green card hawangojeshwi hata kidogo. Mlikuja kwa bahati nasibu ya visa, kwa hiyo kwa kawaida hakuna mdhamini aliyetia saini fomu ya I-864. Aliyeletwa na ndugu au mwenzi kwa fomu hiyo ajue kwamba kipato na mali ya mdhamini, ile inayozidi dola 1,500, huweza kuhesabiwa kana kwamba ni yake, mpaka awe raia au atimize robo 40 za kazi (kama miaka kumi ya kufanya kazi), isipokuwa katika hali ambazo sheria imezitaja. Wakimbizi nao waangalie kwa makini: sheria iliyotiwa saini Julai 2025 iliwaondoa kwenye SNAP wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawajapata green card, jambo lililowaumiza wengi wa jamii zetu kutoka Kongo. Kama mna mtu nyumbani ambaye hadhi yake haimruhusu kupata SNAP lakini mnapika pamoja, mali yake bado inahesabiwa yote kwa familia, hata kama yeye hapati kitu. Na anayeshinda pesa nyingi kwenye bahati nasibu au kamari, dola 4,500 au zaidi katika mchezo mmoja, hutolewa kwenye mpango katika jimbo lolote, hata yale yasiyouliza mali.

Mali ikipita, kuna kipato. Hapo Missouri kipato ghafi, yaani kabla ya makato yoyote, cha familia isiyo na mzee wala mlemavu hakipaswi kuzidi asilimia 130 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu kwa idadi ya watu wenu, na kisha kinapimwa tena baada ya kutoa makato kama ya kodi ya nyumba na malezi ya watoto. Peleka vipande vya mishahara ya siku 30 zilizopita, vile vya baada ya saa kupunguzwa, si vya wakati mume wako alipokuwa anafanya kazi wiki nzima.

Kama hali ni ngumu kiasi kwamba kipato chenu cha mwezi na pesa taslimu mlizonazo, vikijumlishwa, havifikii kodi ya nyumba pamoja na umeme, maji na gesi, mna haki ya kushughulikiwa ndani ya siku saba badala ya 30. Kwenye hesabu hiyo pesa za benki zinaangaliwa hata katika majimbo yasiyo na kipimo cha mali, kwa hiyo akaunti ya chama isipoelezwa mapema inaweza kuwanyima hata haraka hiyo.

Kwenye mahojiano omba mkalimani wa Kiswahili. Ni bure, na ofisi inawajibika kumtafuta. Usimtumie mtoto wako kutafsiri neno kama urithi au mkataba wa awamu. Wakikunyima kwa sababu ya mali, barua ya kukataliwa lazima iseme sababu, na una siku 90 za kuomba kikao cha rufaa. Uliza ni kitu gani hasa kilichohesabiwa na kwa thamani gani, maana mara nyingi kosa huwa kwenye mstari mmoja tu: akaunti ya pamoja au gari lenye mkopo.

Mkataba wa ploti, barua ya chifu na daftari la chama vitachukua siku kukusanya. Usivisubiri. Fomu yenye jina, anwani na saini yako inatosha kupokelewa, na msaada ukikubaliwa huhesabiwa kuanzia siku ofisi ilipoipokea fomu hiyo. Ipeleke kesho asubuhi, halafu karatasi nyingine zifuate.